Kisigino Kilichobaki na Mazuti

Kama umekuja kusikia kisa cha usiku, cha mwezi na bundi, umekosea nyumba. Niliyoyaona niliyaona mchana, jua likiwa juu ya utosi, sufuria ya chakula mkononi. Yalitokea hapa hapa Kisangani, upande huu wetu wa Lubunga, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala na mji ulikuwa na jina lingine kwenye karatasi zao. Usiponiamini sitakulazimisha. Lakini mume wangu alikuwepo, na mikono yake ndiyo iliyofanya kazi yenyewe.

Jambo moja nikuambie mapema, usije ukalisikia kwa majirani: mimi ni mwanamke wa wivu. Sikuanza uzeeni. Nikiwa mtoto nilimwonea dada yangu wivu kwa ajili ya nywele zake, na nilipoolewa na Antoine nikamwonea wivu kila aliyemsalimu. Muuza mihogo akimpa kipande kikubwa kuliko changu, nauliza kwa nini. Antoine alikuwa mvuvi, mrefu, wa maneno machache, na alikuwa na tabia moja mbaya: alikuwa mpole kwa kila mtu. Wewe ungepata usingizi na mume mpole kwa kila mtu?

Na aliyenisumbua kuliko wanawake wote alikuwa mto. Mimi ni mtu wa Maniema. Papa, baba yangu, alikuja huku kwa kazi ya reli, akatuleta sote pamoja na Kiswahili chetu cha Kasongo, na mpaka leo sijui kuogelea. Antoine na watu wake ni watu wa maji tangu mababu. Kila asubuhi alikuwa anaondoka kitandani kimya kimya, anashuka mtoni, anachota maji kwa kiganja, ananong'ona kitu kwa lugha yao, ndipo anarudi kunywa chai. Siku moja nikamwuliza, "Unamuambiaka nini?"

"Ninamusalimia tu," akasema.

Anausalimia mto kabla ya kumsalimu mke wake. Bon. Nikanyamaza, lakini moyoni sikunyamaza.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana bila hili hutaelewa kilichonifika. Katika ukoo wa Antoine, mwanamke haozwi na padri peke yake. Sisi tulifunga ndoa misheni, nikavaa pete, watu wakala wakashiba. Lakini mama mkwe akasema hiyo ni ndoa ya kanisa, bado ya nyumbani. Nikakalishwa kwenye kigoda, mama na shangazi za Antoine wakasimama kunizunguka, na Antoine mwenyewe akanipaka mawese. Anaanza kwenye nywele, anashuka mabegani, mgongoni, mikononi, magotini, mpaka chini. Mwisho kabisa ni visigino, cha kulia, halafu cha kushoto.

Mama mkwe alikuwa ameniinamia sikioni. "Kisigino ya kushoto ndiyo inafunga," akaniambia. "Kama haiyapakwa, unaweza kusimama urudie kwenu, hakuna mutu atakufuata. Ikiisha kupakwa, uko wa kwetu. Hata kufa haifungue."

Antoine akakipaka, taratibu, kwa kidole gumba. Nililia kwa furaha, sikufichi. Niliona sasa nimepata mtu ambaye hakuna wa kuninyang'anya.

Tulikuwa bado hatujapata mtoto bato moja ya mizigo, meli ya mtoni, ilipokwama. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, mto ulishuka mpaka mawe ambayo wazee tu ndio waliyajua yakatoka nje. Bato ilikuwa inapanda kutoka Leopoldville, inasukuma mbele yake tishari, kile chombo kipana kisicho na injini, limejaa mapipa ya mazuti, mafuta mazito ya mashine. Karibu kabisa na kufika, upande wetu, tishari likapanda juu ya mawe. Tulisikia mlio wa chuma mpaka sokoni. Likainama, mapipa yakaporomoka, mengine yakapasuka. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Lakini yale mazuti yakaja ufukoni kwetu yakakaa.

Unakumbuka yale majani ya majini yenye maua ya zambarau? Miaka ile ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kuuziba mto wetu. Mazuti yakanasa ndani yake. Ukitazama kutoka juu, ufuko wote ulikuwa mweusi na unang'aa, na harufu yake iliingia mpaka kwenye unga. Samaki waliokufa walielea tumbo juu, na wale wazima ukiwapika wananuka mafuta ya taa. Maji ya kunywa tukawa tunayafuata kwenye kijito cha mbali, huko kwenye mashamba.

Antoine alikaa mlangoni, wavu mweusi miguuni, hakula siku mbili. Halafu akalia. Nakuambia nilimwona kwa macho yangu. Nilipopoteza mimba yetu ya kwanza hakulia mbele yangu, alinishika mkono tu akanyamaza. Mto ulipochafuka akalia machozi kabisa. Niliumia, sana. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia na mimi, lakini mimi sikuwa ninaulilia mto.

Kampuni ya ile bato ikaleta mzungu mmoja mwenye kofia, akaandika watu. Wanaume wakachukua mitumbwi na magogo kuzuia mazuti yasishuke zaidi. Wanawake tukapewa ufuko: kung'oa yale majani, kuyabeba kwa vikapu mpaka shimoni yachomwe, kuchota mazuti kwa makopo, kusugua mawe kwa mchanga na majivu. Antoine, kwa sababu aliujua mto, akafanywa kapita, msimamizi wetu. Tulifanya kazi wawili wawili, mmoja anachota, mmoja anashika gunia. Mwenzangu alikuwa Mama Zaina, mtu wa kwetu Maniema, mwenye mdomo mrefu na moyo mzuri.

Kwa nini wawili wawili? Kwa ajili ya mgongo. Jioni umekuwa mweusi mpaka masikioni, na mazuti hayajali sabuni. Mawese ndiyo yanayoyalainisha. Unapakwa mawese kwanza, unasuguliwa, unafutwa na majani ya mgomba, ndipo sabuni. Na mgongo wako huwezi kuufikia mwenyewe. Kampuni ikaleta pipa zima la mawese, Antoine akawa ndiye anayegawa. Wanawake tulijisafisha nyuma ya uzio wa mikeka, wanaume kule juu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, wanawake kwa wanawake, na sisi hatukuivunja.

Basi msimu ule Lubunga nzima ilipakana mawese. Hata mama mkwe nilimpaka mimi, nikafika kwenye kisigino akacheka akasema, "Leo weye ndiyo unanioa." Tukacheka sote. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Ukipaka watu mawese kila jioni, mkono unazoea, unasahau kwamba una maana nyingine.

Siku moja Mama Zaina akaniambia, hata hakuinua kichwa kwenye gunia, "Uko na habari? Kuko mwanamuke mumoja kule chini, anakaaka peke yake. Hana mwenzake."

"Ni wa nani?"

"Siyue. Nilizani ni wa ng'ambo."

"Anatumika?"

"Anakaaka tu. Saa sita, tukienda kula, ndiyo anaonekanaka."

Nikatazama. Kule mwisho wa ufuko, palipo na jiwe moja kubwa linaloingia majini, kweli alikuwepo mtu. Mweusi wa mazuti kuanzia utosini mpaka vidoleni, nywele zimemlalia mgongoni, miguu ndani ya maji. Sote tulikuwa tumechafuka, lakini sisi tulikuwa na madoa. Yeye hakuwa na mahali pasafi. Na nitakuambia kitu cha kijinga: pamoja na uchafu wote ule, niliona kwamba ni mzuri. Nilijua kwa namna alivyokuwa ameketi.

Jioni nikamwuliza Antoine, "Ule mwanamuke wa kule chini, unamujua?"

"Mwanamuke gani?" akasema, haraka mno.

Mume wangu alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu hata akiulizwa kama ameshiba. Nikashika lile jibu lake nikalala nalo. Asubuhi lilikuwa bado liko pale.

Kesho yake nikamchunga. Tulikuwa na desturi, saa ya chakula anakuja tunakula sufuria moja chini ya kivuli cha uzio. Siku ile jua likapanda, watu wakatua makopo, wakaenda kula, yeye hakuja. Mama Zaina akanitazama akaona uso wangu. "Alors, enda," akasema. "Ukibakia hapa utaniuma miye."

Nikachukua sufuria yangu ya pondu, majani ya mihogo ya kutwanga, nikashuka ufukoni. Nilijiambia ninampelekea mume wangu chakula. Na hapa ndipo ninapotaka uniamini, maana nililiona jambo kabla sijamwona yule mwanamke. Maji yalikuwa yanabadilika. Pale tulipokuwa tunafanya kazi yalikuwa meusi tangu siku ya kwanza. Hatua chache mbele nikaona ukanda wa maji safi umekatiza katikati ya weusi, unaona mpaka mchanga wa chini, na mazuti yamerudi pembeni. Nikapita tena kidogo, mwingine. Yale majani yaliyokuwa yameungua kwa mafuta yalikuwa ya kijani, maua yamefunguka. Hakuna mtu aliyekuwa amefanya kazi pale. Niliogopa, lakini wivu ulikuwa mkubwa kuliko woga, nikaendelea.

Nikazunguka lile jiwe. Alikuwa ameketi, amenipa mgongo, na mgongo ulikuwa safi. Nywele safi. Mabega, mikono, kiuno, vyote vilikuwa vinang'aa mawese. Na mume wangu alikuwa amepiga magoti majini mbele yake, kopo la mawese kando, mguu wa kulia wa yule mwanamke kiganjani mwake. Alikuwa anampaka kisigino. Kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyonipaka mimi.

Nikaona anautua ule mguu majini, nikaona ukanda mwingine wa mazuti unajitenga na jiwe na kuondoka. Akauchukua mguu wa kushoto. Ulikuwa bado mweusi kisigino tu. Na ule weusi, nakuapia, haukuwa umeganda kama wa kwetu. Ulikuwa unatembea juu ya ngozi, unashuka, unashuka, hauishi. Antoine akachovya kidole kwenye kopo.

Sikukumbuka mzungu wala mizimu. Nilikumbuka mama mkwe aliyeniinamia sikioni. Nikaitupa sufuria, nikalipiga lile kopo teke likaruka majini, mawese yakatandaza wekundu wake juu ya maji.

"Antoine, uko unafanya nini?"

Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa. "Ninasafisha."

"Unasafisha nini?"

"Mazuti." Akatazama mikono yake. "Hana mutu wa kumusafisha."

"Na banamuke wote bale? Weye ndiyo mwanamuke hapa?"

Ndipo yule akageuka. Watu huniuliza alikuwa na uso gani, wanataka niwaambie macho ya nyoka au magamba ya samaki. Hapana. Alikuwa na uso wa mwanamke, mzuri, umechoka, kama wa mtu aliyeugua akapona. Hakuwa na hasira na mimi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hakuwa na hasira. Aliunyoosha mguu wake wa kushoto kunielekea, polepole, kwa adabu kabisa, akasema:

"Yaya, imebakia kisigino."

Umesikia? Yaya. Dada mkubwa. Ndivyo mke mdogo anavyomwita mke mkubwa. Alikuwa tayari amejihesabu nyumbani mwangu, amechagua na mahali pake pa kukaa, na sasa ananiomba mimi nimfungie mlango kwa ndani.

"Miye haiko yaya yako," nikamwambia. "Haiyapakwa. Simama, rudia kwenu. Hakuna mutu atakufuata."

Maneno yale sikuyachagua. Yalikuwa ya mama mkwe, yalitoka yenyewe. Lakini niliona yamemfikia. Uso wake ukashuka. Akasimama, akaingia majini, akatembea. Hakuogelea, hakurusha tone. Maji yakamfika kiunoni, mabegani, kichwani, yakafunga. Kwenye lile jiwe pakabaki alama ya kisigino kimoja cheusi.

Nilisema hakuna mtu atakayemfuata. Sasa mtazame Antoine. Alisimama akaanza kwenda. Hakukimbia, alitembea nyuma yake hivi hivi kama mtu anayekwenda kazini. Mimi, nisiyejua kuogelea, nikaingia mtoni. Nikamshika shati, likachanika. Nikamshika mkono, ulikuwa na mawese, ukateleza. Nikamshika tena ukateleza tena. Maji yalikuwa yamenifika kifuani, nilikuwa nimeanza kuyanywa, miguu haioni chini. Nikamrukia mgongoni, nikamfungia mikono shingoni, nikamwambia sikioni, "Enda basi. Lakini utaenda na miye, na unajua sijue kuogelea."

Akasimama. Halafu akanibeba akanitoa.

Mama mkwe tulipomweleza hakupiga kelele wala hakuita watu. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni, akauliza neno moja: "Kisigino?"

"Ya kushoto imebakia," nikasema.

Akakaa chini. "Mungu asifiwe," akasema. "Basi ataiomba tena. Weye mwanamuke, usiweke tena mawese mu nyumba yako."

Asubuhi iliyofuata watu waliamka wakakuta ufuko umesafika. Wote. Mawe meupe, mchanga mweupe, majani ya kijani, maji yanayoonyesha samaki. Mzungu mwenye kofia alikuja akatembea juu chini, akasema ni upepo na mkondo, akatushukuru, akafunga kazi. Mama Zaina alinung'unika kwamba mgao wa sabuni umeisha mapema. Lakini kule mwisho lile jiwe linaloingia majini lilibaki na doa moja jeusi, la ukubwa wa kisigino. Walilisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni. Lipo mpaka leo. Rudi hapa maji yakiwa yameshuka, nitakuonyesha mwenyewe.

Antoine akanipa maelezo yake usiku mmoja, nami nikamsikiliza. Alisema hakumtamani. "Nilimuona ni mto yenyewe ndiyo imekaa pale," akasema, "imechafuka, inanitazama. Ningefanya nini? Niipite?" Nikamjibu kwamba afadhali angemtamani. Mwanamke wa kutamaniwa humaliza siku zake, anazeeka, anahama mtaa. Nitashindanaje na mto?

Baada ya hapo tuliishi. Watoto walikuja, wavulana na wasichana, na mimi nikatii neno la mama mkwe. Nimekuwa mke wa Lubunga asiyeweka mawese nyumbani. Unajua maana yake? Pondu yangu ilikuwa kavu. Nilipikia karanga, nilipikia mafuta ya duka yalipokuwepo, na majirani wakaniita mama wa pondu kavu. Watoto wangu walikuwa wanakula kwa watu, nami najua kwa nini. Kila kiangazi, mto ukishuka, saa sita ya mchana, yule mwanamke alikuwa anakuja kwenye lile jiwe. Msafi mwili mzima, mguu wa kushoto ameunyoosha. Hakutaka vita. Aliketi akangoja.

Antoine alikuwa anamwona pia. Mwanzoni aliniomba. "Mama, acha nimalize. Ile kitu inamuuma."

"Iache imuume," nikasema.

Baadaye akaacha kuomba. Akawa anakaa mlangoni tu, uso mtoni, mpaka saa ile ipite, nami ninakaa nyuma yake ninachambua mchele ambao nilishauchambua. Miaka na miaka. Wabelgiji wakaondoka, vita vikapita, mji ukachukua jina lake, sisi tuko pale pale mlangoni. Nilikuwa nanusa mikono yake akitoka kwa watu. Nilikuwa nakagua makopo. Nilijua kwamba mume wangu yuko kwangu kwa sababu ya ulinzi wangu, na nilijivunia.

Alipozeeka, meno yamekwisha na wavu hauinuki tena, siku moja akala ile pondu yangu nusu, akaiweka kando, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Ninakucheka weye. Miaka yote hii unafichaka mawese."

"Ndiyo. Na ulibakia."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa meupe. "Muke wangu," akasema, "mawese iko mu kila nyumba ya Lubunga. Ningeshindwa kuomba kijiko moja kwa jirani?"

Unaelewa alichoniambia? Mlango haukuwa umefungwa hata siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa amekaa. Kwanza nikakasirika, kwa ajili ya pondu yote ile kavu na jina walilonipa. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, pale pale nilipolia zamani, nikalia tena. Kesho yake nilinunua chupa ya mawese, ya kwanza tangu mwaka ule, nikapika pondu nyekundu, tukala wawili mpaka tukaramba sahani. Ile chupa sikuificha. Niliiweka juu ya meza, na yeye hakuigusa.

Alikufa kitandani kwake, mkono wake ndani ya mkono wangu. Watu wa ukoo walitaka kumzika karibu na maji kama wazee wao. Nikakataa. Nilipigana nao nikiwa mjane wa siku moja, mpaka wakanipa nilichotaka: tulimpeleka juu, upande wa reli, kwenye ardhi kavu ambayo mto haujawahi kuifikia hata maji yakijaa.

Siku ya tatu nikaenda kufagia kaburi, mchana, jua juu ya utosi. Mvua haikuwa imenyesha. Udongo ulikuwa umelowa kulizunguka kaburi lote, na kulikuwa na nyayo za mwanamke, miguu mitupu, zimekwenda zikarudi. Kila wayo wa kushoto ulikuwa na kisigino cheusi. Zilikaribia kaburi kabisa, zikasimama pembeni, hazikulikanyaga. Ametembea mbali hivyo juu ya nchi kavu, yeye, kuja kumlilia mume wangu. Nisikudanganye kwamba nilimhurumia. Nilichukua ufagio nikazifagia.

Sasa wewe uliyenisikiliza, nakuonya. Ukimwona mtu amechafuka hana wa kumwosha mgongo, mhurumie, sikukatazi. Lakini uliza kwanza ni wa nani, na uliza kwenu mkono wako una maana gani kabla hujauweka kwake. Na kama mume wako husalimu kitu asubuhi kabla yako, usidharau. Amka mapema, nenda naye.

Watoto wangu wameshaambiwa la kufanya. Mimi nami sina siku nyingi, na mwanamke yule bado anakuja kwenye jiwe, mguu mbele, nasikia sauti yake mpaka hapa ninapokaa. Nimewaambia wasinizike kichwani pa Antoine wala miguuni pake. Kaburi langu walichimbe upande wa chini, unaoelekea mtoni, nilale kati yake na maji.